Robine ya Madamu Dorotea

Ndoo tupu ikianza kupokea maji hupiga kelele, kisha sauti yake inashuka taratibu kadiri inavyojaa, mpaka inabaki mnong'ono, na hapo mwenye ndoo anyooshe mkono afunge. Akichelewa, maji yanapiga saruji kwa kishindo ambacho mtaa mzima wa kwetu Kampemba ulikijua. Bomba letu, ambalo sisi watu wa Lubumbashi tunaliita robine, lilikuwa kwenye kona ya barabara. Wakati wa kiangazi, asubuhi za baridi ile inayopasua midomo, tulipanga ndoo mstari mrefu kwenye vumbi jekundu huku moshi wa makaa ukitoka kila ua. Maji yalitoka membamba, na ndoo moja ilichukua muda wa kutosha kusengenya familia nzima. Aliyeacha ndoo yake ifurike alitukanwa na foleni yote. Mama yangu aliwahi kunizaba kofi kwa ajili ya kikombe kimoja tu cha maji kilichopotea.

Ndiyo maana hadi leo nacheka nikikumbuka kwamba Madamu Dorotea, mwandishi wetu, alipima vitabu vyake kwa maji yaliyomwagika. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga, na sote, hata wazee, tulimwita Madamu kama tuko darasani. Aliandika kwa kalamu ya buluu kwenye madaftari ya shule, kwa Kiswahili kile kile cha majumbani mwetu, habari za wake wa wachimbaji, za mawifi wenye midomo, za mapenzi ya stesheni. Vitabu vyake vilikwenda Likasi, vikafika Kalemie, vikarudi vimechakaa kwa kusomwa. Lakini kabla ya kumpelekea mpiga chapa chochote, alibeba kigoda chake hadi kwenye robine, akaketi, akawasomea akina mama waliokuwa foleni. Kila mtu akifunga maji kwa wakati, Madamu alirudi nyumbani akafuta. Ndoo ikifurika bila mwenyewe kushtuka, alijua ameandika vizuri. Hakuomba maoni mengine.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi, macho yake yaliingia ukungu. Alikuwa amebakiza daftari moja, kitabu alichosema ni cha mwisho, na hakuweza tena kusoma mwandiko wake mwenyewe. Akaniita mimi, kwa kuwa alinifundisha kusoma na alisema sauti yangu inafika mbali. Nilivimba kichwa, nisiseme uongo. Nikaoga, nikavaa gauni la kanisani, nikasimama kando ya kigoda chake, nikasoma mbio bila kuvuta pumzi. Mama Furaha, muuza maharage aliyetoka Kivu Kaskazini, mwanamke ambaye hata padri alishindwa kumnyamazisha, aliongea tangu mwanzo hadi mwisho. Ndoo yake ilipojaa alifunga vizuri kabisa, tone halikuanguka, kisha akanitazama. "We mutoto," akasema, "nani anakukimbiza?" Foleni ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Madamu hakucheka wala hakunitetea. Njiani aliniwekea mkono begani, akaniambia, "Mvua ikianza, bantu batakinga maji ku mabati, hapa hakuna mutu atakuja. Kama mpaka ile siku ndoo haijamwangika, hii daftari nitaifunga mu sanduku. Kitabu yenye kushindwa na robine haitoke mu nyumba yangu." Nikamwuliza kwa nini asimtafute mtu mzima. "Njo weye," akasema, yaani ni mimi tu, basi. Kwa majuma kadhaa nilisoma nikashindwa, na kila jioni alinifanya nifute mistari ambayo alisikia watu wakikohoa nilipoisoma. Nilimchukia, nakiri. Siku mbili mfululizo aliponiita nilijificha nyuma ya jiko la jirani. Siku ya tatu nikamwona anakwenda peke yake, kigoda mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili vikipapasa ukuta, na roho ikaniuma mpaka nikatoka mbio nikamshika. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinifundisha jambo moja tu siku hiyo: kila baada ya mistari miwili mitatu niinue macho, nimwangalie mtu mmoja, ningoje na yeye aniangalie, ndipo niendelee.

Nikamchagua Mama Furaha. Mawingu yalikuwa yameshajikusanya upande wa Kinsevere, akina mama walikuwa wakisugua mapipa yao tayari kwa mvua, na mimi nilijua siku zimekwisha. Nilisoma sura ya mwanamke anayemngoja mume wake stesheni. Treni imeingia, abiria wanashuka, naye anaangalia viatu vyao tu, kwa sababu nyuso anaziogopa. Niliinua macho. Mama Furaha alikuwa amefungua mdomo aseme kitu, akausahau wazi. Nikangoja. Akaniangalia. Nikaendelea. Maji yalipoanza kupiga saruji, mimi ndiye niliyeshtuka nikanyoosha mkono kufunga, lakini Madamu, asiyeona kitu, alikuwa ameshasikia. "Acha imwangike," akasema polepole. Maji yakapita kwenye kandambili za Mama Furaha, maji ya ndoo yake mwenyewe, na hakusogea. "Soma, mama!" akanipigia kelele. "Alishuka ao hakushuka?" Diploma ninazo, lakini sifa kubwa kuliko hiyo sijapata. Jioni ile ile mvua ikanyesha.

Kitabu kilichapwa, na Madamu alikishika mikononi kabla ya kufariki. Mwaka huu imeundwa kamati ya kumwekea kumbukumbu, nami nikaalikwa kwa kuwa nafundisha fasihi. Mwenyekiti, bwana nadhifu mwenye viatu vinavyong'aa, alikuja na mpango tayari: bamba la shaba kwenye barabara kuu mjini, mahali wanapopita wageni. Nikasema liwekwe kwenye robine. Wakacheka. Nusu ya nyumba za mtaa ule zina visima vyao sasa, nani atalisoma? Nilikasirika. Kikao kilichofuata, Mama Furaha, sasa bibi wa fimbo, aliingia bila kualikwa. "Shaba mu Lubumbashi?" akasema. "Mutaiweka asubui, saa sita iko kwa bantu ba kuuza vyuma." Kisha akasimulia habari ya ndoo yote, na hakuna aliyemkatiza, maana yule hakatizwi. Basi tukajenga nguzo fupi ya saruji kando ya robine, na kabla haijakauka tukaandika kwa msumari jina la Madamu na yale maneno yake: Acha imwangike. Mwenyekiti alinung'unika kwamba tunawafundisha watu kupoteza maji.

Siku ya kuizindua nilikwenda na hofu. Sitaki kuusifu utoto wetu kupita kiasi. Ulikuwa na kiu, na nashukuru kwamba watoto wangu hawapasuki midomo kwenye foleni alfajiri. Lakini foleni ile ilipokwisha tulipoteza mahali ambapo watu ishirini walisikia jambo moja kwa pamoja, na sikujua kama panaweza kurudi. Hotuba za Kifaransa zilikuwa ndefu, watu wakapiga picha, wengine wakachezea simu. Halafu mwenyekiti akafungua robine kwa heshima zote, ndoo mpya chini yake kwa ajili ya kamera, nami nikaanza sura ya stesheni. Simu ikalia mahali fulani. Nikainua macho, nikamchagua yeye mwenyekiti. Nikangoja. Akaniangalia. Abiria wakaanza kushuka, simu ikazimwa, sauti ya ndoo ikashuka ikawa mnong'ono, kisha maji yakapiga saruji. Mwenyekiti alikuwa amesimama, mkono wake karibu kabisa na robine, viatu vyake vimelowa.

"Mukubwa, viatu!" Mama Furaha akamwambia.

Bwana yule hakugeuka. Aliinua kidole kumwomba anyamaze, na Mama Furaha, kwa mara ya pili katika maisha yake, akanyamaza. Nikafungua ukurasa uliofuata.