Zamu ya Kadzo

Mama ndiye aliyenituma. Tangu shemeji yangu Kazungu afariki Sweden, kila Jumapili aliniuliza, "Kadzo anakaa na nani huko?" Basi nikaondoka Kaloleni kwenda Stockholm kumrudisha dada yangu.

Nilifika asubuhi yenye baridi ya kukata masikio. Dada, ambaye ni muuguzi katika hospitali ya Flemingsberg, alinikumbatia hadi nikakosa pumzi, kisha akanisongea ugali. Nikamwambia, "Dada, twende nyumbani." Akaniongezea mboga.

Jumamosi alinipeleka kusini mwa jiji, kwenye kinu cha nyuklia kilichojengwa ndani ya mwamba. Kilizimwa zamani, kabla hata Kazungu hajaijua Sweden, lakini alikuwa mlinzi pale. Nilicheka. Mlinzi wa kitu kilichokufa!

Mlangoni alitupokea mzee wa Kiswidi aliyefanya kazi na shemeji. Alizungumza Kiswidi, dada akanitafsiria.

"Kuzima ni rahisi, anasema. Gharama ni kubomoa, na kuangalia taka. Ndiyo maana pesa huwekwa akiba kutoka kwenye umeme unaouzwa, wajukuu wasije wakaachiwa mzigo."

"Taka zenyewe zinapelekwa wapi?"

"Zitazikwa chini kabisa ya mwamba." Akasita. "Hapana, hajasema kuzika. Amesema slutförvar. Kutunza kwa mwisho."

"Si ni yale yale?"

"Si yale yale, mdogo wangu. Ukizika, watu wanakaa matanga, wanayaanua, wanarudi makwao. Hizi ni za kutunzwa miaka laki moja. Kazungu tulimzika hapa, watu wakanywa kahawa, kesho yake wakaenda kazini. Matanga yake hayajaanuliwa."

Tuliporudi alinishusha kwenye stoo yake, chini ya jengo anamoishi. Koti la ulinzi la Kazungu lilikuwa limening'inia, limepigwa pasi. Nilimkumbuka shemeji, kicheko chake, nikashikwa na uchungu. Nikalitoa kwenye hanga nilikunje tusafiri nalo.

"Liache," dada alisema taratibu. "Hii ni zamu yangu."

Nilirudi peke yangu, safari nzima nikimkumbuka dada utadhani sikumwona kabisa. Kaloleni, mama alitazama nyuma yangu, kisha akauliza swali lake.

"Anakaa na Kazungu, mama," nilijibu.

Kuzima si kumaliza. Hilo ndilo nililorudi nalo. Mama aliichukua sahani ya tatu mezani, akairudisha kabatini.