Aliyenywea Kikombe cha Kabula

Mtu mwenye mtoto wa miaka miwili hana muda wa kutunga hadithi. Haya nimeyaona kwa macho yangu haya, na anayetaka kucheka acheke. Mume wangu naye alianza hivyo hivyo.

Tunaishi Kiseke. Baba Kabula alinunua shamba ng'ambo ya ziwa, ukishuka kivuko cha Kamanga unachukua bodaboda, akachimbisha kisima, akatangaza tunahamia. Nikamwambia simhamishi mtoto mpaka maji na udongo vipimwe, maana watoto wa majirani kule meno yao yana rangi ya chai. Akampigia simu mtaalamu. Mimi na mwanangu Kabula tukatangulia shambani kumsubiri.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Jua linaelekea kuzama ndipo nikasikia hodi, nyuma ya nyumba, upande wa kisima. Nani anapiga hodi kwa nyuma? Nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza.

Alikuwa mzee nadhifu, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo baba. Ni wewe wa kupima?"

"Marahaba mwanangu. Mmeniita, nimekuja."

Hana begi, hana chupa. Aliomba jembe, akachimba shimo la kuingia ndoo, kisha akarudisha udongo wote mle mle. Niamini, haukutosha. Shimo lilibaki nusu, na hakuchukua hata konzi moja. Nikamuuliza udongo umekwenda wapi.

"Ardhi hii haijashiba," akasema, akijipangusa mikono. Na matope yote yale, viatu vyake vilikuwa na vumbi.

Hapo akaomba maji ya kisima. Wewe ungemnyima mgeni maji? Vyombo vyetu vilikuwa bado Kiseke. Nilikuwa na kikombe kimoja tu, chekundu cha plastiki, cha Kabula. Nikachota, nikampa.

"Nani ameshayanywa hapa?"

"Hakuna, baba. Tunasubiri majibu yako."

Akacheka. Akakiweka kikombe mdomoni muda mrefu, koo halipandi wala halishuki. Kisha akainama, akamnywesha mwanangu.

Nilikuwa karibu, ningeweza kumvuta shati. Mkono haukunyanyuka. Nilisimama natazama tu kama ng'ombe. Kabula akamaliza yote, akasema, "Babu, tena."

Mzee akaondoka kwa upande wa kisima. Kule hakuna njia. Kuna kisima, halafu majabali.

Simu ikaita. "Dada, samahani sana, nimekosa kivuko. Nakuja kesho." Ndiye mtaalamu. Yule wa kweli.

Alikuja kweli, kijana na machupa yake. Majibu ya maabara: udongo unafaa kwa mihogo, maji yana floraidi nyingi mno, mtoto asiyanywe, mifupa itapinda. Nikashukuru Mungu. Nikajua tumepona, tunabaki Kiseke.

Tuliporudi nyumbani, Kabula akakataa maji ya bomba. Ya chupa anatapika. Uji anatema. Midomo ikapasuka, hospitali wakamtundikia dripu, wakasema haumwi kitu.

"Maji ya kisima kipya huyanywa mtu mzima kwanza," mama mkwe akaniambia. "Wewe ukampa mtoto?"

"Nilimpa mimi, mama?"

Baba Kabula akadakia, "Unamdekeza tu huyo." Nikamtupia mtoto mapajani, nikamwambia basi mdekeze wewe usiku huu. Usiku kucha Kabula akalilia maji ya Babu, na alfajiri baba yake alikuwa kwenye kivuko na dumu tupu. Siku hizi hacheki.

Tumeombewa kanisani. Tumepelekwa kwa mganga, Igogo. Hakuna. Kila wiki mmoja wetu anavuka kwenda kuchota sumu ile kisimani, anamletea mtoto, na mtoto anakunywa mpaka anahema. Gego lake jipya limetoka na doa la kahawia. Nikimpa naua mifupa yake, nikimnyima namuua yeye. Niambie wewe uliyesoma kunizidi, nichague lipi? Na lile shimo tumelimwagia udongo kwa toroli. Bado nusu.

Kwa hiyo wewe uliyenunua shamba, anayekuja kupima muulize jina, muulize nani kamtuma. Akija kwa nyuma, mfungie mlango. Akiomba maji, mwache na kiu yake. Watasema huna adabu. Kubali.

Mimi nilikuwa na adabu.