Kanda ya Tatu ya Mjomba

Mwezi uliopita nilikuwa nikirejea nyumbani Kiamunyi kutoka mazishi ya jirani wa zamani huko Olenguruone, nikasimama Sachangwan kununua viazi. Ilikuwa saa tisa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeikalia barabara, na malori yalishuka polepole yakiwa yamewasha taa. Kijana aliyeuza viazi alikuwa ameitumbukiza simu yake ndani ya kikombe cha bati ili sauti ikue, na kutoka katika kikombe hicho ulikuwa ukitoka wimbo ninaoujua kuliko jina langu.

"Unaijua hii, mathe?" akaniuliza alipoona nimetulia. "Hii ni ngoma ya kitambo. Siku hizi hawaimbi hivi."

Nikamwambia naujua, na kwamba aliyeuimba ametoa albamu nyingine mwaka jana, ya sita. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Huyo mzee si alikufa? Kwani aliimba ingine?"

Mimi si mtu wa kunyamazia makosa, na waliosoma kwangu watakuambia hivyo. Siku hiyo nilinyamaza. Huyo mzee ni mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, naye yu hai, analima viazi juu ya Molo. Nilibeba gunia langu nikaondoka, na kuanzia pale hadi mjini sikuona barabara. Niliiona nyumba ya nyanya.

Kama nawe ulikulia pande zile, utakumbuka baridi iliyotuamsha kabla ya jogoo, na nyasi zilizokuwa nyeupe asubuhi kana kwamba mtu amezimwagia unga. Shamba letu lilikuwa sehemu ya shamba la mzungu aliyekwisha kurudi kwao, na katika mgawo wetu lilibaki banda kubwa la bati. Humo ndimo tulimokaushia pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu. Kila baada ya majuma mawili tuliingia shambani na vikapu viunoni, tukachuma maua kwa vidole viwili, mkono wa kushoto na wa kulia kwa zamu, hadi harufu yake ikatuingia katika sweta, katika nywele, katika githeri ya mchana. Shuleni ungeweza kutujua watoto wa wakulima wa pareto kwa chafya zetu.

Wimbo wa mjomba ulihusu hayo maua. Msichana anachuma pareto, mvulana anampitia kando ya ua, hawasemezani, kikapu kinajaa. Basi. Hakuna zaidi ya hayo katika wimbo ule, nami nimeusikiliza kwa miaka arobaini nikitafuta. Lakini una mdundo wa kutembea, na kiitikio ambacho mtoto wa miaka mitatu anakishika mara moja. Mjomba alikuwa kibarua katika kiwanda cha mbao alipourekodi, na kanda ya kwanza ilipotoka alikuwa bado na vumbi la mbao masikioni. Katika muda wa mwezi mmoja ulichezwa katika kila duka la Molo, Njoro na Elburgon. Maharusi waliingia kanisani wakiusikia kwa mbali. Mwalimu wetu wa hesabu, mtu asiyecheka, aliacha kuniita kwa jina akaanza kuniita mpwa wa pareto, na siku aliyoanza hakunipiga ingawa nilistahili.

Halafu ikaja kanda ya pili. Wenye maduka waliipokea kwa mikono miwili, wakaitia katika vipaza sauti vya nje siku ya soko, na watu wakasimama kwa hamu. Nilikuwa pale na nyanya, tumeshika kabichi zetu. Watu walisikiliza nusu ya wimbo wa kwanza, kisha mmoja akauliza, "Ule wa pareto uko upande gani?" Akaambiwa haumo. Akageuza kanda mkononi, akaitazama upande huu na ule, akairudisha mezani taratibu, akaendelea na safari yake. Hakuna aliyeichukia kanda ile. Angalau anayechukia amekwisha kusikiliza.

Ya tatu aliitungia nyumbani. Aliacha kazi ya mbao, akarudi kwa mamake, na kila alasiri tulipokuwa tukigeuza maua kwenye vichanja vya waya, yeye aliketi juu ya gunia bandani na gitaa lake, akijaribu mstari mmoja mara kumi, mara ishirini. Tulikua na nyimbo zile kama watu wanavyokua na wadogo zao. Mmoja ulimhusu mama anayeamka gizani na kuwatambua watoto wake kwa vikohozi vyao, huyu ni fulani, huyu ni fulani, mpaka anafika kwa yule asiyekohoa. Nyanya alipousikia ukiimbwa wote, aliacha kugeuza maua, akatoka nje, akasimama ukutani hadi tulipomaliza kazi. Alikuwa amezika mtoto mmoja kabla sijazaliwa. Hata mimi niliyekuwa na miaka kumi nilijua kwamba hiki kilikuwa kitu kingine kabisa, na kwamba wimbo wa pareto ulikuwa mchezo tu mbele yake.

Aliporudi kutoka Nairobi alikokwenda kuirekodi, mjomba alikuja na kanda moja mfukoni na habari moja. Waliomrekodi walikuwa wamemwambia wazi kwamba kanda hii isipoombwa na wasikilizaji katika kipindi cha salamu redioni, hawatamrekodi tena. Aliyasema hayo akimenya viazi, bila kuinua uso. Kesho yake nyanya alinituma dukani nikalete kadi za salamu, nyingi kadiri mwenye duka alivyokuwa nazo.

Ni lazima nikukumbushe kadi zile, maana hazipo tena. Zilikuwa za karatasi ngumu, zina nafasi ya jina la anayesalimu, orodha ya wanaosalimiwa, na mstari wa mwisho wa kuandikia wimbo unaoombwa. Uliipeleka posta, ukangoja wiki mbili au tatu, na jina lako likasomwa na mtangazaji ambaye hukuwahi kumwona, nawe ukawa mtu mkubwa kijijini kwa siku nzima. Nyanya, aliyekuwa mtu wa kanisa na asiyevumilia udanganyifu, alitukataza kutunga majina. Kila kadi sharti iwe ya mtu halisi aliyekubali. Kwa hiyo nilipanda na kushuka ule mlima nikiwa na kalamu, nyumba kwa nyumba, na hakuna hata mmoja aliyekataa. Leo naelewa kwa nini. Walitaka majina yao yasomwe. Mama mmoja jirani, aliyekuwa na ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, alinikalisha jikoni kwake, akanipa maziwa, akanitajia wasalimiwa kumi na saba, na nilipomuuliza wimbo akasema, "Andika wowote, lakini usisahau shemeji yangu wa Mau Summit."

Niliandika kadi zote kwa mkono wangu. Na hapa ndipo kosa lilipo, nalo ni langu. Tulikuwa tumelelewa na nyanya kwamba anayeomba sharti amwachie anayeombwa nafasi ya kukosa bila kuaibika. Ukienda kuomba chumvi kwa jirani, unaongeza kwamba hata majivu ya kuwashia moto yatatosha. Ukiomba mtu akusindikize, unamwambia pia kwamba njia unaijua. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya kwetu, nami nilikuwa mtoto mwenye adabu. Kwa hiyo katika mstari wa mwisho wa kila kadi, baada ya kutaja wimbo mpya wa vikohozi, niliongeza kwa mwandiko wangu mzuri: na ikiwa hamnao, tutashukuru hata kwa ule wa pareto.

Nyanya alizisoma zote, akaniambia nimeandika kama mtu aliyefunzwa.

Kipindi kilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kwa siku tatu tulikuwa tumeyaanika mawe ya redio, zile betri zake, juani ili yapate nguvu, na hakuna aliyeruhusiwa kuifungua redio hata kwa matangazo ya vifo. Mvua ilikuwa ikinyesha, na jikoni tulijaa majirani na watoto, moshi wa kuni mbichi, viazi vikiiva katika jivu. Mjomba alisimama mlangoni, nusu ndani na nusu nje, bega moja likilowa. Mtangazaji akaanza. Kadi ya kwanza ya kwetu ilikuwa ya yule mama wa ng'ombe, naye alipotajwa alijifunika uso kwa leso. Majina kumi na saba yakasomwa, pamoja na shemeji wa Mau Summit. Kisha mtangazaji akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwema, akasema wasikilizaji hawa kutoka Molo wana heshima kweli, wanaomba wimbo mpya, na ikiwa haupo watashukuru kwa ule wa pareto. Akasema kadi zao ni nyingi na zote zinasema hivyo.

"Basi msihangaike, wapenzi wasikilizaji. Wa pareto tunao hapa."

Mjomba hakusogea. Macho yake yalizunguka jikoni taratibu mpaka yakanifikia. Alikuwa na desturi ya kuniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mamake, na hata wakati ule hakuiacha.

"Mama, ni wewe uliandika?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Wimbo ulikuwa umekwisha kuanza. Watu wote walitazama moto, wakijua kilichotokea. Ningependa kukuambia kwamba tuliendelea kuutazama moto hadi mwisho. Lakini ulipofika kwenye kiitikio, mtoto mmoja alianza, kisha mama wa ng'ombe, kisha nyanya mwenyewe kwa sauti yake ya kanisani. Nilifumba mdomo. Nakumbuka jinsi nilivyobana meno. Kisha nikahisi midomo yangu ikienda yenyewe, na nilipoinua macho nikamwona mjomba akiniangalia nikiimba. Aliniangalia bila hasira, kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha juu ya nguo alizoanika. Akatoka. Viazi viliungua siku ile, tukavila hivyo hivyo.

Hawakumrekodi tena. Kanda ya nne na ya tano alizitoa mwenyewe, mjini Nakuru, akazunguka nazo katika mfuko wa karatasi, na popote alipoalikwa kuimba alianza na nyimbo mpya mbele ya watu wenye subira, mpaka mtu mmoja wa nyuma alipouitisha ule wa zamani na ukumbi mzima ukapumua. Nilikuwepo mara nyingi. Nilishuhudia watu wema, watu waliompenda, wakimzika akiwa amesimama mbele yao. Nimesoma mengi juu ya wasanii na umma wao, na nimewahi kuuhukumu umma huo darasani kwa maneno makali: kwamba ni mvivu, kwamba humpenda mtu kwa sharti asibadilike. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi nilikojifunza hayo.

Sasa banda limeng'olewa bati na pareto yetu iling'olewa kabla ya hapo, watu walipochoka kungoja kupokewa mazao yao. Nyanya amelala kando ya yule mtoto wake. Posta ile ni duka la simu. Kanda ya tatu haipo. Nimeuliza kwa wenye maduka wa zamani, nimetafuta katika masanduku ya marehemu, nimewaandikia watu wanaokusanya muziki. Na jambo linalonikosesha amani ni kwamba haipo hata kichwani mwangu. Nakumbuka wimbo wa vikohozi ulikuwa na maana gani, nakumbuka nyanya alivyosimama ukutani, lakini sauti ya wimbo wenyewe imenitoka. Kila nikijaribu kuufuata, baada ya hatua mbili najikuta katika mdundo wa kutembea wa msichana na kikapu chake. Nilimuuliza mjomba mwenyewe miaka kadhaa iliyopita. Akapapasa nyuzi kwa muda, akasema naye umemtoka, kwa sababu hakuna aliyemwomba auimbe.

Jumamosi baada ya mazishi yale nilipanda kwenda kumwona. Nilimkuta ameketi barazani kwa sweta mbili, akichambua mbegu za viazi. Sikumweleza habari za yule kijana wa Sachangwan. Tulizungumza juu ya marehemu, juu ya magoti ya mjomba yanayomsumbua, juu ya baridi, kisha akajipangusa udongo mikononi, akaniuliza kama mtu anayeuliza jambo dogo.

"Ile ya sita nilikutumia kwa simu, uliisikia?"

"Niliisikia, Anko."

"Ni gani ilikugusa?"

Ina nyimbo kumi na moja. Nilikuwa nimesikiliza mbili, nikipiga pasi, kisha mtu akanipigia simu, na sikurudi tena. Mimi, niliyewafukuza watoto darasani kwa kujifanya wamesoma kitabu wasichokisoma, nilitazama kikombe changu cha chai nikitafuta hata neno moja la nyimbo zile.

"Zote ni nzuri," nikasema.

Mjomba aliitika kwa kichwa, akachukua kiazi kingine, akakigeuza geuza akitafuta macho ya kuchipua.

"Ni sawa, mama," akasema. "Ya saba nitaifanya fupi."