Sabato ya Fainali

Kwetu mpira si dhambi siku sita. Siku ya saba ndiyo shida, na mechi zote za maana huchezwa siku ya saba.

Baba ni mzee wa kanisa la Wasabato hapa Suna, Migori. Ijumaa jua likitua, redio yetu inafunikwa kitambaa na haifunuliwi mpaka Jumamosi jioni jua likitua tena. Chakula cha Sabato kinapikwa Ijumaa. Viatu vinapakwa rangi Ijumaa. Hata kucha, ukisahau kuzikata Ijumaa, unakaa nazo. Ukutani kuna kalenda ya kanisa inayoonyesha saa ya jua kutua kila wiki, lakini Baba haiamini sana. Yeye hutoka nje akatazama mwenyewe. Mpaka kilima cha magharibi kilimeze jua lote, kisibaki hata kipande, Sabato haijafungwa.

Kaka yangu ni kipa. Ndiyo sababu naeleza haya yote.

Alipokuwa kidato cha nne, timu ya mji ilimwita acheze Jumamosi. Baba hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Mlango wa kanisa na mlango wa goli, mtu mmoja hawezi kusimama kwenye yote miwili." Kaka akachukua begi lake akaenda kwa mjomba, kule Rangwe, upande wa Homa Bay, kwao Mama. Huko akadaka mpaka watu wa Nairobi wakamsikia, wakamchukua kwenye ile timu kubwa ambayo Wajaluo wengi huililia. Hakurudi nyumbani tena. Baba naye hakumtaja tena. Akiomba mezani alisema, "Uwalinde watoto wetu, Bwana," akaishia hapo. Mama alikuwa akifungua macho kila alipofika hapo, kama mtu anayengoja kitu kiongezwe. Najua kwa sababu mimi pia nilikuwa nimefungua yangu.

Fainali ya kombe ilikuja mwaka uliofuata uchaguzi wa vyama vingi. Timu ya kaka na wapinzani wao wa tangu zamani, Jumamosi, Nairobi.

Jirani yetu ni Mkuria, Mkatoliki, fundi wa baiskeli, na alikuwa upande wa hao wapinzani, sijui ni kwa nini, nafikiri ni kwa kupenda kubishana na mtaa mzima. Redio yake hukaa nje, juu ya meza ya kazi, na husikika mpaka sokoni. Asubuhi hiyo tukienda kanisani alimwita Mama kutoka kwa ua wa michongoma, binti wa Rangwe, kwa Kijaluo.

"Nyar Rangwe! Umemwambia mtoto avae glavu mbili mbili?"

"Leo ni Sabato, jirani," Mama akasema, lakini alikuwa anacheka.

"Sawa. Basi usiku nitakuja nikuambie vile alilia."

Baba alikuwa ametangulia. Hakugeuka.

Mchana tulirudi, tukala chakula cha Ijumaa, tukakaa barazani na Biblia zetu. Mechi ilipoanza, sauti ya mtangazaji ilipanda na kushuka ng'ambo ya ua, lakini maneno yenyewe yalimezwa na kelele za wanaume waliojaa kwake. Kilichotufikia ni fundi. Akipiga makofi, moyo wangu unaanguka. Akilalamika, napumua. Mpira wote tuliusikia kupitia koo la adui. Kipindi cha kwanza alilalamika sana. "Huyu kijana amekula nini leo?" akasema, na Mama akainamisha kichwa juu ya lesoni yake ya Shule ya Sabato ili Baba asimwone akitabasamu.

Kisha, kipindi cha pili, redio ikapunguzwa.

Sijawahi kusikia fundi akipunguza redio. Mama aliinua kichwa. Tukamwona anakuja kwenye pengo la ua, mikono imejaa grisi, kofia ameivua.

"Jaduong', samahani," alimwambia Baba. Yeye hupenda kumwita hivyo, mzee, kwa Kijaluo. "Najua siku yenu."

"Karibu, jirani."

"Kijana amegongwa. Alirukia mpira miguuni mwa mtu, goti likampata hapa." Akagusa upande wa kichwa, grisi ikabaki pale. "Wamembeba. Mtangazaji anasema hakuwa anasogea."

Baba aliweka mkono juu ya Biblia yake. Kisha akasema, "Asante. Tutasikia zaidi jua likitua."

Fundi alitutazama mmoja mmoja, akarudi kwake. Mama akamgeukia Baba, akasema kwa Kijaluo, polepole, "Mzee, na ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato?"

"Ng'ombe hajitumbukizi mwenyewe."

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alikuwa amekaa na Biblia magotini, mkono umetulia juu yake, na mimi nikafikiri: huyu mtu angeona mtoto wake anazama, angetoka kwanza akatazame jua.

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikijua jibu humnong'onezea jirani yangu wa dawati aseme yeye. Lakini niliinuka mbele ya Baba, nikapita kwenye pengo la ua, michongoma ikinivuta gauni la kanisani. Hakuniita. Kwa fundi kulikuwa na wanaume wamekaa juu ya tairi na mabenchi, na wote wakanigeukia.

"Si nyinyi mmekatazwa redio?" kijana mmoja akauliza.

"Nyamaza wewe," fundi akasema. "Mpe huyu msichana kiti."

Nikakaa. Kipa wa akiba alikuwa ameingia. Mtangazaji alikuwa na furaha ya mtu anayetangaza mpira mtamu, na hakumtaja kaka hata kidogo. Nilitaka alitaje jina lake, hata kwa ubaya, hata aseme alifanya makosa. Bao likaingia upande wetu. Yule kijana aliruka juu, fundi akamtazama, akakaa tena taratibu kama aliyekuwa anajinyoosha tu. Timu ya fundi ikashinda kombe kwa bao hilo, na pale kwake hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wamelisubiri miaka, nikawaharibia kwa kukaa pale.

"Watasema tu," fundi aliniambia. "Wakimaliza kupeana kombe watasema."

Walimaliza. Wakapiga muziki.

Nilirudi. Mama alikuwa amevaa viatu na leso, mkoba wa kanisani mkononi, amesimama katikati ya baraza bila mahali pa kwenda.

"Wamesema?"

"Hawajasema."

Akaketi chini kwenye saruji, yeye ambaye hutukataza kuketi chini na nguo za Sabato. Hakulia. Alikuwa akifungua mkoba na kuufunga, kufungua na kufunga.

Baba akainuka. Alitoka mpaka katikati ya boma akatazama magharibi kama anavyofanya siku zote, mkono juu ya macho. Jua lilikuwa bado juu ya bati la fundi, linawaka mpaka huwezi kulitazama. Kilima hata hakijaguswa.

Alirudi akasema, "Kujeni tufunge Sabato."

Mama alimtazama. Mimi nilitazama chini. Tukaingia, tukapiga magoti. Baba ambaye huimba beti zote, hata zile watu hawazijui, aliimba ubeti mmoja. Kisha akaomba, na ndani ya ombi akalitaja jina la kaka. Lilimkwama katikati, akalianza upya, likatoka. Tuliposema amina mwanga ulikuwa bado umelala kizingitini, juu ya miguu ya Mama. Baba aliupita ule mwanga kama mwanafunzi anayempita mwalimu bila kusalimu, akaenda moja kwa moja kwenye pengo la ua.

Fundi alimpakia kwenye baiskeli mpaka kituo cha petroli chenye simu, kwa kuwa posta ilikuwa imefungwa. Simu ya Nairobi haikushika. Na hata ingeshika, wangempigia nani? Hatukujua hospitali gani. Walirudi wakakaa kwa redio ya fundi, na mimi na Mama tukaenda pia. Hatukukumbuka kwamba tuna yetu nyumbani, chini ya kitambaa.

Taarifa ya habari ilisema kombe limechukuliwa na nani, na kwamba kipa alikimbizwa hospitalini akiwa amezirai. Basi. Ikafuata ile sauti ya matangazo ya vifo. Fundi alinyoosha mkono azime, Baba akamzuia.

Tulisikiliza yote. Marehemu fulani, mume wa fulani, baba wa fulani, jamaa walioko Homa Bay wajulishwe, jamaa walioko Takawiri wajulishwe. Nilijua tangazo la kifo hupelekwa redioni na jamaa, na jamaa ni sisi, na sisi tulikuwa tumekaa hapa. Nilijua hayo yote na bado kila jina lilipoanza nilishikilia benchi. Baba alikuwa amefumba macho, midomo inasogea.

Yalipokwisha, aliuliza swali ambalo sijawahi kumsikia akiuliza maishani. Alimuuliza fundi, "Na ule mpira, aliudaka?"

"Aliudaka, Jaduong'. Mtangazaji alisema iliwabidi wautoe kifuani pake."

Baba akatikisa kichwa. Akaenda kujiandaa, na alfajiri akapanda basi la Nairobi.

Siku zilizofuata siwezi kuziandika vizuri. Mama hakupika. Fundi alikuwa akifungua redio kila saa ya habari na kuigeuzia upande wetu. Mwishowe mtu wa posta alituletea simu ya maandishi kutoka kwa Baba, maneno mawili tu: YUKO HAI.

Kaka yuko Rangwe sasa, kwa mjomba, hachezi tena. Mwanga mkali humpiga kichwa, kwa hiyo hukaa ndani madirisha yamefungwa. Likizo hii nilikaa naye. Fainali haikumbuki hata kidogo, wala asubuhi yake, wala kuvaa jezi. Ananiuliza kama walishinda, namwambia hapana, kesho yake anauliza tena. Baba humtembelea, wanakaa kimya wote wawili gizani, kisha Baba anaomba na kuondoka.

Siku moja, kwa kuwa sikuwa na la kumwambia, nilimsimulia vile Baba alifunga Sabato.

"Jua likiwa wapi?" akauliza.

"Juu ya bati la fundi."

"Unadanganya."

"Lilikuwa linamulika miguu ya Mama."

Alicheka mpaka akashika kichwa kwa mikono miwili, na uso wake ukabadilika kwa maumivu, nikaogopa, nikataka kumwita mjomba. Akanikamata mkono.

"Hebu rudia," akasema. "Anzia pale alitoka nje kutazama."