Jistirini, Mwanamke Yupo Juu

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, miaka michache baada ya Mapinduzi, ukuta wa nyumba yetu mtaani Malindi ulipoanza kutoka jasho. Nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa, wenyewe wameshahama. Juu ya paa lao bapa la sakafu, mlizamu wa kutolea maji ulizibwa na majani, na maji yote yakawa yananywewa na ukuta tulioshirikiana nao.

Bibi yangu aliwaendea wazee waliokaa kwenye baraza ya nyumba ile.

"Subira, Bi Mize," wakamwambia. "Subira yavuta heri. Masika yakisha, atatafutwa fundi."

Bibi akawajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, akarudi ndani amenuna. Wakubwa wa serikali mtaani walikuwa wameshatwambia kuwa ukuta ukipasuka tutahamishwa, nyumba ipigwe kufuli. Naye alizaliwa humo.

Kesho yake, mvua ilipopumua, akafunga kanga kiunoni na kuchukua ufagio wa chelewa. Mimi nilikuwa mwari, nimeshaanza kuposwa, niliona aibu. Kwetu wapandao juu ni wanaume, na mpandaji hupiga ukelele kwanza, ili wanawake walio uani wajistiri.

"Bibi, watatusema!"

"Wao wakichoka watanyamaza. Ukuta ukichoka haunyamazi. Hebu nshikie ngazi!"

Akapanda. Alipofika juu ya paa la jirani akapiga ukelele, nadhani Darajani waliusikia:

"Jistirini, enyi wanaume! Mwanamke yupo juu!"

Wazee wakainua vichwa. Papo hapo Bibi akazibua mlizamu, na maji ya wiki nzima yakawashukia, kofia na vikombe vya kahawa vyote.

"Subirini, mashekhe!" akawaambia. "Yatakwisha!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aibu yote ilinitoka, wallahi, na haijarudi.

Walimsema, ndiyo, hata masika ya pili. Yeye akapanda tena. Ukuta huu ninaouegemea nikizungumza nawe ndio ule ule.

Basi mwanangu, usidanganywe na neno zuri. Subira ni ya aliyekwisha kufanya lake. Asiyefanya kitu, huyo amekaa tu. Ukiona maji yanaingia kwako, panda. Piga ukelele, anayeona haya ajistiri yeye. Mola akupe mikono isiyongoja ruhusa, na kila masika yakukute umo ndani ya nyumba yako.