Majani ya Mpera wa Mama Josué

Duara lililo wazi kwenye kisahani cha maabara lilikuwa na upana wa milimita ishirini na mbili. Kathure alipima mara tatu, kisha akakaa. Bakteria wa kinywani, wale wanaotoboa meno, walikuwa wamekufa wote kuzunguka tone la dawa aliyoikamua kwenye majani ya mpera. Zilikuwa zimebaki siku tisa asimame mbele ya jopo la chuo, na bila matokeo angerudia mwaka mzima.

Majani alipewa na Fortunée, au Mama Josué, mama wa Kikongo aliyefahamiana naye kanisani, hapa Houston. Miche ya madukani hupuliziwa dawa za wadudu. Mpera wa Fortunée, uliokua kwenye pipa barazani kwake mtaa wa Gulfton, haukuwahi kuonja kitu ila maji. Fizi zikimuuma, alitafuna majani yake, kama alivyofundishwa Bukavu.

Jumamosi Kathure alikwenda kuchukua mengine. Fortunée alikuwa ametoka zamu ya ghala kule Stafford, hajavua hata viatu, ameinamia beseni. Maji yalikuwa meupe kama maziwa, yakinuka hospitali.

"Mama Josué, umetia nini humo?"

"Dawa ya kuua vijidudu, ile ya kuogeshea mtoto mchanga. Kifuniko kimoja tu. Majani yanaenda kwa maprofesa, mama. Niyapeleke na vumbi, waseme Wakongo ni wachafu?"

"Na yale ya kwanza?"

"Yale niliweka vifuniko viwili."

Kathure akavuta kiti. Alipomweleza kwamba huenda ile dawa ndiyo iliyoua bakteria, si majani, Fortunée alijishika mdomo.

"Basi nimekuharibia masomo."

"Umeniokoa. Ningesimama mbele ya watu nikisifu maji ya kuogea."

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Usingizi haukumjia vizuri siku mbili hizo. Jumatatu alimwambia Daktari Nderitu, msimamizi wake, ambaye alikisogeza kile kisahani kwenye mwanga.

"Kwa hiyo tumegundua kwamba dawa ya kuua vijidudu inaua vijidudu."

"Ndiyo, Daktari."

"Hongera. Maabara ni yako mpaka Ijumaa. Safari hii osha kwa maji matupu."

Fortunée alichuma mpaka mpera ukabaki kama kichwa kilichonyolewa. Alhamisi duara likatokea: milimita tisa. Kando yake, tone lisilo na majani halikuua kitu.

Jopo lilimsikiliza, likasikia na habari za beseni, likampitisha. Kutoka hapo Kathure alikwenda moja kwa moja Gulfton.

"Walikubali?" Fortunée aliuliza mlangoni.

"Walikubali."

"Hata kaduara kadogo vile?"

"Hako hako. Kadogo, lakini ni ka mpera wako."

Sombe, kisamvu cha Kikongo, ilikuwa mezani tayari. Fortunée aliinamisha kichwa akashukuru kwa kirefu, akimtaja Nderitu, akiyataja majani, mpaka kile kisahani chenyewe. Chakula kilikuwa kinapoa. Kathure alifumba macho, asitamani amina ije upesi.