Utetezi wa Kadi Nyekundu

Mimi sikubebwa na mtu. Niliondoka Bujumbura na begi moja, nikaosha vyombo Ulaya, nikasoma, nikarudi na diploma ya sheria za michezo. Katika mji huu sijaona mwingine aliye nayo. Kwa hiyo mpwa wangu, mchezaji wa timu ya taifa ya raga, alipopewa kadi nyekundu dhidi ya Wakongomani kwa kumwangusha mtu kwa kumpiga mkono shingoni, mama yake, yaani dada yangu, alipanda moja kwa moja hadi kwangu mtaa wa Kinanira.

Kosa kama lile lingeweza kumfungia wiki sita, na mechi ya Kigali, aliyoisubiri tangu aanze kucheza, ilikuwa mwezi mmoja mbele.

"Akae kimya," nikaamua. "Asimpigie simu aliyeumia, asimtembelee. Akiomba msamaha, amekiri."

"We kaka, mutoto wa watu timu yake imerudi Bukavu, yeye daktari amemukataza safari, amelala ku oteli na shingo imefungwa. Na siye wa mtaa wa Nyakabiga tukae tu?"

"Ndiyo sheria, dada."

"Sheria gani iyo haina pole?"

Aliitazama diploma yangu ukutani kama anavyotazama nyama ya sokoni asiyoiamini, akaondoka.

Kesi ilisikilizwa kwa video na jopo la nidhamu. Nilivaa tai, nikasogeza kiti ili diploma ionekane yote nyuma yangu. Nikaanza kwa sauti nzito: mteja wangu hajakiri lolote, wala hajakutana na aliyeumia. Hapo picha ya mpwa wangu ikafunguka kutoka sebuleni kwa dada. Kando yake, kwenye kochi lile lile, kijana mpana mwenye kola ya matibabu shingoni alikuwa anakula pilau.

"Huyo ni nani?" akauliza mwenyekiti wa jopo.

"Ni mi mwenye niliumia," kijana akajibu, akimeza. "Kesho yake tu alikuja na mama yake, akaniomba pardon. Mama akasema chakula cha oteli kitanikondesha, akanileta hapa."

"Huna kinyongo naye?"

"Na huyu? Apana. Kinyongo ni ya mechi. Walibaki kumi na ine na bado wakatupiga!"

Mpwa wangu akacheka, kisha akakumbuka yuko kwenye kesi.

Jopo lilijitenga kidogo, likarudi. Kwa kuwa mchezaji amejutia kosa mapema na kwa vitendo, adhabu imekatwa nusu. Kigali atacheza.

"Na tunampongeza wakili," mwenyekiti akaongeza. "Wachache huwashauri wachezaji wao vizuri namna hii."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, jambo ambalo sijalizoea. Kutoka sebule ya Nyakabiga, nyuma ya kochi, kikasikika kicheko cha dada yangu, na hakuna kanuni niliyosomea ya kukizuia.